Bomba la Mkono Mwepesi

Mtaa mzima ulikuwa umeingiwa na hofu. Tangu fundi cherehani azikwe, macho yake yakiwa manjano kama kiini cha yai, hakuna aliyenawa uso asubuhi kabla ya kujikagua kwenye kioo. Watu wengine wanne walikuwa wamelazwa kwa dalili zile zile. Lawama zote zikaangukia kisima. Kikamwagiwa dawa, kikafunikwa, na wanawake wakawa wanachota maji mbali huku wakinung'unika.

Mpima damu wa kituo cha afya hakukubaliana nao. Alikuwa mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, lakini akishika jambo halimponyoki. Vipimo vyake vilionyesha homa ya ini aina ya B, na hiyo haiambukizwi kwa maji ya kunywa. Hupita katika damu.

"Kuna mahali damu za watu hawa zimekutana," alimwambia daktari. "Nitapatafuta mpaka nipaone."

Kila alipotoka kazini alipita nyumba kwa nyumba, daftari kwapani, akiuliza swali moja: katika miezi sita iliyopita, nani amekuchoma, amekunyoa au amekutoboa? Wengine walimkaribisha, wengine walimfungia mlango, na kinyozi alimtolea maneno makali akidhani anaharibiwa kazi. Hakurudi nyuma. Siku ya nne, mjane wa fundi alimweleza kwamba marehemu alikuwa akiumwa mgongo, akachomwa sindano tano kwa Mkono Mwepesi.

Akarudi kwa wale wagonjwa wanne, na wote wakamtaja huyo huyo.

Mkono Mwepesi alikuwa mjomba wake. Alikuwa amestaafu uuguzi, akawa anachoma watu sindano sebuleni kwake, na sifa yake ilikuwa kwamba hata mtoto mchanga hashtuki. Ndiye aliyemlea mpima damu baada ya baba yake kufariki, akamsomesha, akamfundisha kushika chupa ya damu bila kutetemeka.

Mama yake mpima damu alipopata habari, alimsihi amsitiri ndugu yake. Kisima si mtu, alisema, hakiumii kikisingiziwa. Binti akamjibu kwa upole kwamba kisima kikibeba lawama, mjomba ataendelea kuchoma.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mjomba na kichupa cha rangi nyekundu ya maabara. Mzee alimsikiliza, akacheka.

"Sindano nabadilisha, mwanangu. Kila mtu na yake."

"Na bomba la kusukumia dawa?"

"Bomba linaingia wapi? Bomba halimgusi mtu."

Binti alichukua bomba lililokuwa mezani. Alivuta rangi kwa bomba lile, akaimwaga yote. Akabadilisha sindano, akavuta maji safi, akayasukumia kwenye bakuli jeupe. Maji yakatoka mekundu. Mzee akachukua sindano nyingine, akarudia mwenyewe, kisha akarudia tena. Mara ya tatu wekundu ulikuwa umefifia, lakini ulikuwapo. Akakaa chini polepole kama mtu aliyebebeshwa gunia.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni bomba, mjomba. Lakini mkono ni wako."

Mzee akauliza atamwambia nini yule mjane. Binti akamwambia ni ukweli tu, na kwamba atamsindikiza.

Mjane alimsikiliza mzee mpaka mwisho bila kutoa chozi, akamwomba aondoke. Walipofika mlangoni, akauliza na yeye akapimwe wapi.

Siku hiyo mzee alikabidhi mabomba yake yote kituoni na kutia saini kwamba hatachoma mtu tena. Kisha akataja kwa kichwa watu sitini na mmoja aliowahi kuwachoma mwaka ule. Kwa wiki mbili alipiga hodi kwa mmoja mmoja, mpwa wake akiwa kando. Alitukanwa, akamwagiwa maji machafu, akajifuta na kwenda nyumba iliyofuata. Watu kumi na tisa walikutwa na ugonjwa, wakaanza kuangaliwa na daktari kabla ini halijaharibika; waliobaki wakapewa chanjo.

Miongoni mwa wale kumi na tisa alikuwamo mama yake mpima damu. Kaka yake alikuwa akimchoma sindano ya vitamini kila mwezi, kwa mapenzi. Binti alirudia kipimo mara mbili, majibu yakawa yale yale, akampelekea mwenyewe. Mama aliitazama karatasi, akamshika binti mkono.

"Ningekufa huku namtetea," alisema.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya daktari. Tangu hapo hakuna mgonjwa mpya aliyepatikana mtaani. Watu walikuwa wamemsaka adui kwenye maji, kumbe walikuwa wakimkunjia mikono ya nguo kwa hiari yao, wakimshukuru. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.