Nyamizi Amlilia Mtani Aliye Hai

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na jua.
— Likawaka!
Likawaka wapi?
— Utosini petu!
Basi sogeeni kivulini, maana hadithi hii ni ya moto.

Hapo kale, katika kijiji cha Mkalamo, kiliingia kiangazi ambacho hata wazee hawakuwahi kukiona. Kuku walitembea midomo wazi. Mbwa waliacha kubweka. Mbuzi wa jumbe alianguka malishoni, akafa nyasi zingali mdomoni.

Wanakijiji wakakaa, wakapatana. Jua likipanda utosini, majembe chini. Kila mlango uwe na mtungi wa maji, mpita njia anywe bila kuomba. Na kila mwenye nguvu akapige hodi kwa mzee, kwa mgonjwa, kwa mama mwenye kichanga, asiondoke mpaka asikie mtu ameitika.

Wote waliafiki, isipokuwa mtu mmoja, Mzee Malugu wa ukoo wa Moshi. Ah, mkulima yule! Kijiji kizima hakikuwa na wa kushindana naye. Lakini kichwa chake, jamani, kilikuwa kigumu kuliko kisiki.

Mkewe, Milembe, akamfuata shambani.
"Baba Holo, jua limepanda. Turudi."
"Nenda tu. Namalizia tuta hili."
Akalimaliza, akaanza jingine.

Jumbe naye akaja.
"Malugu, si tumepatana?"
"Mmepatana ninyi. Jembe ni langu, na mgongo ni wangu."
Akalima, akalima, akalima.

Wa tatu akaja Nyamizi. Nyamizi ni nani? Mjane wa ukoo wa Nyuki, na Nyuki na Moshi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Utani mnaujua. Mtani atakutukana, atabeba kuku wako mchana kweupe, na wewe ucheke tu. Ukikasirika, kijiji kitakucheka mpaka uzeeke. Nyamizi alikuwa na mdomo, huo kila mtu aliujua. Lakini alikuwa na macho pia.

Akasimama kando ya shamba, akamtazama Malugu mgongoni. Mgongo ulikuwa mkavu! Jua lile, kazi ile, na jasho hakuna! Malugu akainua jembe, likapiga kando ya tuta. Akainua tena, likapiga kando. Akainua mara ya tatu, akayumba.

Nyamizi akang'amua. Huyu mtu anakufa, na yeye mwenyewe hajui. Kumbembeleza, mkewe amejaribu. Kumwamuru, jumbe amejaribu. Amfanyeje? Akaweka mikono kichwani, akajitupa chini.

"Uwii! Uwii! Uwiii! Malugu amekufa! Mtani wangu amekufa, mwenye miguu ya korongo!"

Watu wakatoka mbio vivulini. Wakamkuta Malugu amesimama, Nyamizi anagaragara.

"Nyamizi, una wazimu? Mimi mzima!"
"Nyamaza, marehemu! Unatutia aibu mbele ya wageni wa msiba."

Watu wakaangua kicheko. Malugu akafura, lakini angefanya nini? Huyo ni mtani. Akikasirika, ameumbuka.

"Maiti halimi," akasema Nyamizi, akamnyang'anya jembe. "Maiti hatembei," akasema, na vijana wakaleta kitanda cha kamba, wakamlaza, wakambeba mpaka kwenye kivuli cha ghala. "Na maiti huoshwa!" Ikaletwa mitungi. Maji kichwani, maji shingoni, maji kwapani! Wanawake, Milembe akiwamo, wakashika nyungo, wakampepea huku wakimlilia kwa mbwembwe.

Malugu akataka kumrudishia Nyamizi tusi moja zuri. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Macho yakampinduka.

Kicheko kikakatika.

Nyamizi aliogopa, mniamini. Lakini ulimi haukusimama, maana alijua akinyamaza yeye, watu watachanganyikiwa.

"Mwagieni! Pepeeni! Marehemu huyu hajatakata!"

Mtu mmoja akaleta kata ya maji, akataka kumtilia mdomoni.
"Weka chini! Hajui hata kumeza, yatampalia. Maji yakae nje ya ngozi mpaka mwenyewe arudi."

Wakamwagia, wakapepea. Wakamwagia, wakapepea. Wakamwagia, wakapepea. Mimi nasema hivi: wako wanaookoa watu kwa dawa, na wako wanaookoa kwa nguvu. Nyamizi aliokoa mtu kwa kumtukana, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye upendo mkubwa.

Jua likaanza kushuka. Malugu akapepesa macho. Akameza mate. Hapo ndipo Nyamizi akamshikia kata, naye akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena.

"Haya, marehemu, umefufuka?"
"Nimefufuka," Malugu akasema kwa sauti nyembamba. "Ila ninyi ukoo wa Nyuki hamjui kuosha maiti. Tope lote mmeniachia masikioni."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nyamizi alicheka huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Lakini Malugu hakuendelea na utani. Aligeuza shingo taratibu, akamtafuta mkewe kwa macho.
"Nilipokuwa kule nilisikia vilio vingi. Vyote vilikuwa vya mzaha. Kimoja kilikuwa cha kweli."

Milembe akaweka ungo chini.
"Tuta lile angelimalizia mtu yeyote, Baba Holo. Mimi ningezeeka na nani?"

Kesho yake, jua lilipopanda, Malugu aliliacha tuta katikati, akashika njia ya nyumbani, na tangu mbali watu walimsikia akimwita mkewe kwa jina.

Hadithi yangu nimeitua hapa.
— Tumeipokea!
Aliyeipenda akapige hodi kwa jirani.
— Na asiyeipenda?
Mmwagieni maji!