Hodi ya Alhamisi

"Hesabu ni hodi, maelezo ni karibu."

Wakio na kaka yake Mgonja waliisikia methali hiyo chuo cha ualimu, mkufunzi wao alipoitumia kukata ubishi wa darasa zima: utafiti wa elimu ufanywe kwa takwimu au kwa mazungumzo? Ubishi haukukatika. Waliubeba hadi nyumbani likizo, wakauingiza jikoni kwa bibi yao, Bibi Nakiete, aliyekuwa akipukuchua mahindi. Mgonja alitetea takwimu, Wakio alitetea mazungumzo, na kila mmoja alidai methali ile ni ya upande wake. Bibi aliwasikiliza kidogo, akasema wanagombania mlango wa nyumba wasiyowahi kuingia. Akawasogezea mahindi na wao wapukuchue, maana hadithi haisikilizwi kwa mikono mitupu. Kisha akawaambia kuwa methali hiyo ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare palikuwa na mwalimu mjane aitwaye Namsifu. Alifundisha hisabati darasa la sita, na vipindi vyake vikubwa vilikuwa Alhamisi asubuhi. Siku nyingine zote darasa hilo lilijaa, lakini Alhamisi lilibaki nusu. Kamati ya shule ilikaa, ikaamua kwamba watoto wanamkimbia mwalimu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kajiru, akaiomba ofisi ya elimu imhamishe. Namsifu alikuwa akimuuguza mama yake, kikongwe ambaye hata kutoka kitandani alisaidiwa. Akihamishwa kwenda tambarare, nani angemgeuza mama yake ubavu? Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Ofisi haikutaka kuhukumu kwa maneno ya kamati peke yake, ikatuma vijana wawili kutafiti. Mmoja ni Elinami, mtu wa tarakimu, ambaye nadhani hata wali aliula kwa kuhesabu punje. Mwingine ni Nakunda, mtu wa kukaa na watu, kunywa uji wao na kuwaacha waseme. Njia nzima walibishana kama nyinyi. Elinami alisema maneno ya watu hayapimiki, leo hivi kesho vile. Nakunda akamjibu kwamba tarakimu ni bubu, humwambia mtu ni wangapi wanaolia lakini hazimwambii wanalilia nini. Walipofika kila mmoja akashika njia yake, na kwa kuwa kijiji hakikuwa na nyumba ya wageni, wote wawili walilala na kula kwa Namsifu.

Elinami akahesabu watoto kila asubuhi, akalinganisha siku kwa siku na mwalimu kwa mwalimu. Akagawa na dodoso kwa wazazi wote. Swali lake moja lilikuwa: je, mtoto hufanya kazi siku za shule? Karibu wote walijibu hapana. Basi tarakimu zikasimama zote upande mmoja: watoto hawana kazi, hawaumwi, na wanakosa siku ya vipindi vikubwa vya Namsifu tu. Nakunda naye alizunguka nyumba zilizo jirani na shule, katika kitongoji cha Juu. Huko aliambiwa kwamba Namsifu ni mwalimu mzuri, ila watu wa kitongoji cha Bondeni hawajali elimu, na ndio wanaozuia watoto. Naye akaandika hivyo.

Jioni moja Namsifu aliwapakulia makande. Elinami aliisogeza sahani yake kando. Alijua kwamba siku mbili baadaye angesimama mbele ya mkutano na hesabu ambayo ingemwondoa mama huyu kwenye jiko hili hili. Alimwonea huruma, akajionea na haya.

"Kula, mwanangu," Namsifu alimwambia. "Hesabu yako haijaharibu makande."

Alipoondoka kwenda kumlisha mama yake, Elinami aligeuka kwa Nakunda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza jambo bila kejeli.

"Dada Nakunda, kuna kitu kinanisumbua. Kama mwalimu ni mbaya, kwa nini nusu ya darasa haimkimbii kamwe? Wanaokosa ni wale wale."

"Kina nani?"

Akamtajia. Nakunda alisikiliza, uso wake ukabadilika.

"Hao wote ni wa Bondeni."

"Uliongea nao?"

"Sikufika Bondeni. Mteremko ule nilisema utaniua magoti." Akaacha kula. "Kumbe nimekuwa nikiuliza watu wa Juu habari za watu wa Bondeni."

"Na mimi nimehesabu wasiokuja," Elinami alisema, "sijauliza wako wapi."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Walishuka pamoja, Nakunda akilalamikia magoti yake kila kona, wakafuata mfereji utokao kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Hawakwenda mbali. Kwenye kona ya kwanza walimkuta binti wa darasa la sita ameketi ukingoni, anafanya hesabu za kugawanya juu ya mchanga kwa kijiti. Kona iliyofuata alikuwapo mwingine. Mfereji wote, kutoka Juu hadi Bondeni, ulikuwa na watoto.

"Mwalimu Namsifu ni mkali?" Elinami alimwuliza yule binti.

"Hapana. Jana alinionyesha hii, nimeikosea wapi sijui."

"Sasa mbona hukwenda shule?"

"Nikiondoka maji yanapotea."

"Yanapotelea wapi?"

Binti alitazama upande wa Juu, akainamia tena kijiti chake.

Walifika kwa mama yake, Mama Niwaeli, aliyekuwa akifunga mzigo wa ndizi kwenda gulioni. Elinami alitaka kuuliza papo hapo, Nakunda akamgusa mkono. Wakasaidia kwanza kufunga ndizi. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa. Hatimaye Elinami akasema kwamba ameona watoto wa Bondeni peke yao ndio wanaokosa shule, tena Alhamisi tu, na angependa kujua Alhamisi kuna nini.

Mama Niwaeli aliacha kamba.

"Wengi wamekuja kutuuliza kama tunapenda shule. Hakuna aliyewahi kutuuliza habari za Alhamisi. Alhamisi ni zamu yetu ya maji. Tena ni siku ya gulio, wakubwa wote hatupo. Mfereji usipolindwa, maji hayafiki. Wa darasa la saba wana mtihani, wadogo hawawezi, ndiyo maana tunawaweka hawa wa la sita."

"Lakini kwenye dodoso ulijibu mtoto hafanyi kazi."

"Kukaa mferejini ni kazi? Kazi ni jembe, baba."

Elinami alijiona mjinga. Nakunda akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayeuvunja mfereji huko juu. Mama Niwaeli aliishika tena kamba. Alisema ameozesha binti huko. Akisimama kuwasema watu wa Juu, atakuwa amemsema mkwewe, na binti yake ndiye atakayelipa. Wengi wa Bondeni wameoana na Juu hivyo hivyo, ndiyo maana kitongoji kizima, hata watoto mbele ya mwalimu wao, kilikuwa kikinyamaza. Nakunda hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba kesho mwalimu Namsifu anahukumiwa kwa kosa la maji.

Siku ya mkutano Mzee Kajiru alimsimamisha Elinami atoe takwimu. Hakusoma hitimisho lake la zamani. Alisema: Alhamisi darasa la sita hukosa watoto nusu, karibu wote ni wa Bondeni, na wa Juu hakosi hata mmoja. Siku ambayo si zamu ya maji ya Bondeni, hakuna anayekosa. Akakaa. Mzee Kajiru, ambaye bustani zake zilikuwa Juu, alitazama chini. Namsifu alikuwa nyuma, mikono imeshikana mapajani.

 Kisha Mama Niwaeli akasimama.

"Jana ningeanza mimi kusema, ningeitwa mfitini," alisema. "Mtu hatoki ndani akaanza kumwambia kila mpita njia 'karibu'. Leo hesabu ya kijana huyu imetupigia hodi mbele ya watu wote. Hodi ikipigwa, mwenye nyumba hawezi kunyamaza. Lakini na hodi peke yake haimwingizi mtu ndani. Mngeishia hapo, mngemhukumu mwalimu mkiwa bado uani. Basi karibuni, niwaonyeshe yaliyomo."

Akaeleza yote, bila kutaja jina la mtu. Alipomaliza akasimama mwingine wa Bondeni, na mwingine. Mwisho alisimama mkwewe mwenyewe, akakiri kwamba hukata mfereji, akaomba radhi. Zamu ya Bondeni ikahamishiwa Jumamosi. Habari ya kumhamisha Namsifu haikutajwa tena, maana hakuna aliyekuwa na uso wa kuitaja.

Alhamisi iliyofuata Namsifu alimgeuza mama yake ubavu, akamfunika, akaenda shule. Aliposukuma mlango wa darasa la sita hakupata pa kupita kwa wingi wa watoto. Alisimama pale pale mlangoni akalia, na watoto, wasijue la kufanya, wakamwambia wote kwa pamoja: "Karibu, mwalimu."

Hesabu ni hodi, maelezo ni karibu.