Mwaka Ambao Radi Ilinyamaza

Mhunzi hashiki chuma cha moto kwa mkono mtupu. Hukishika kwa koleo. Siku koleo linapovunjika, yuko atakayezima moto na kwenda zake, na yuko atakayebaki akijiuliza chuma kile kitashikwa na nini. Wahenga walimfikiria huyu wa pili waliposema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Koleo la mwalimu wa darasa la nne lilikuwa sauti yake. Wanafunzi walimbatiza Radi, na jina likamkaa kama nguo ya kushonesha. Alipouliza, "Saba mara nane?" hata mpishi wa shule, huko jikoni, alijikuta akijibu, "Hamsini na sita!"

Muhula wa kwanza ulikwenda kama maji ya mteremko. Darasa lilipima uwanja kwa kamba, likaotesha maharagwe kwenye makopo na kuandika kila asubuhi yamerefuka kiasi gani, likaimba jedwali la kuzidisha mpaka madirisha yakatetemeka. Radi alieleza, watoto wakaitikia. Hakuona kasoro yoyote.

Katikati ya mwaka sauti ikaanza kukwaruza. Daktari alikuta kivimbe kooni, akakikata. Kidonda kilipona, lakini sauti haikurudi. Uliobaki ni mnong'ono mwembamba, kama karatasi inayokunjwa.

"Nimekuwekea nafasi kwenye stoo ya vitabu," mwalimu mkuu alimwambia, akiyakwepa macho yake. "Watoto arobaini na watatu hawafundishwi kwa mnong'ono, mwalimu."

"Nipe muhula mmoja."

"Unasemaje?"

Ikabidi aandike kwenye karatasi. Mkuu alisoma, akakuna kidevu, akakubali shingo upande.

Siku ya kwanza darasa liligeuka soko. Radi alipiga meza kwa rula mpaka rula ikakatika vipande viwili, na hakuna aliyegeuza kichwa. Jioni alilia mbele ya dada yake mkubwa, aliyekuwa akipiga pasi.

"Nikuulize, mdogo wangu," dada alisema bila kuiacha pasi. "Ulipokuwa ukinguruma, walikuwa wanakuelewa au wanakusikia tu?"

Swali lilimchoma, akaenda nalo kitandani.

Kesho yake aliweka ndoo na kikombe mezani, akaandika ubaoni: *Leo mimi sisemi. Ndoo hii inajaa vikombe vingapi? Nani atatuongoza?* Aliyesimama ni Kasuku, msichana ambaye tangu mwaka uanze alikuwa akiadhibiwa kwa kupiga domo. Radi alisita kidogo, kisha akamkabidhi chaki.

"Ishirini!" Kasuku alitangaza baada ya kumimina.

"Ishirini ya wapi? Hujakijaza kikombe mpaka juu!" mwenzake alimpinga.

Wakamimina upya. Sakafu ililowa, wakabishana, na Radi akazunguka kimya kati ya madawati akisikiliza. Ndipo alipogundua jambo lililomkata maini. Msichana mmoja wa dawati la pili, aliyekuwa akiimba jedwali bila kukosea, alipoulizwa na wenzake vikombe vinane mara saba ni vingapi, alianza kuimba kutoka mwanzo, akapotea njiani, akainama. Muhula mzima alikuwa amejificha ndani ya kiitikio. Kwenye daftari la maendeleo, Radi mwenyewe alikuwa amemwandikia *vizuri sana*.

Aliketi naye chini. Wakapanga punje za maharagwe, nane nane, mafungu saba, mpaka mtoto akainua uso na kusema polepole, "Kumbe ni vitu kweli!"

Wiki chache baadaye mkuu alisikia kelele, akaja mbio. "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Radi aliinuka kutoka nyuma ya dawati, magoti yana vumbi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Kasuku. "Tunabishana. Huyu anasema nusu ya robo ni kubwa kuliko robo, kwa sababu nusu ni kubwa."

"Na jibu ni lipi?"

"Subiri kwanza, mwalimu, hatujamaliza."

 Mkuu akavuta kiti, akakaa nyuma kabisa, akasubiri. Aliyemaliza ubishi alikuwa msichana wa dawati la pili: alikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, akaonyesha.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipofika, darasa la nne halikuwa la kwanza. Lilipitwa na la sita. Lakini hakukuwa na mtoto hata mmoja kati ya wale arobaini na watatu aliyeshindwa kueleza jibu lake lilitoka wapi, na hilo halikuwahi kutokea Radi aliponguruma. Mkuu alimpelekea ratiba ya mwaka mpya. Mbele ya jina la darasa la nne palikuwa na jina lake.

Aliisoma mara mbili, akaenda kufuta ubao. Sauti haikurudi, wala daktari hakuahidi kwamba itarudi. Kazi ndiyo iliyorudi, tena ikiwa bora kuliko ilivyokuwa. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.