Wimbo wa Nne

Ndugu zangu, leo sitaki mtu aniitikie amina kabla sijamaliza. Mnaitoa amina haraka kama watu wanaotaka mgeni aondoke. Tulieni.

Kulikuwa na fundi mmoja wa spika na redio, amefiwa na mke. Mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka thelathini, alikuwa hamsemeshi tangu mazishi. Huyo kijana alipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya roki, na si roki ya kuchezeka. Ilikuwa ile ya kukwaruza, kuunguruma, kukatika katikati. Siku moja akaingia kwenye kibanda cha baba yake, akaweka flashi mezani.

"Baba, hii albamu yangu. Nyimbo saba. Isikilize yote, usiiguse. Ukishaisikia niite, nitarudi nyumbani."

"Nisiiguse maana yake nini?"

"Usiitengeneze."

Alimjua baba yake. Fundi akisikia mkwaruzo, mkono wenyewe unafuata bisibisi. Wimbo wa kwanza haukumaliza dakika, mzee kashafungua spika nyuma. Akabadilisha waya. Kelele iko pale pale. Akafungua amplifaya, akapuliza vumbi, akalehemu upya. Kelele iko pale pale. Asubuhi nzima imekwisha ndipo akakubali kwamba mashine ni nzima.

Mteja akapita. "Fundi, hiyo spika inakata roho?"

"Ni mwanangu anapiga gitaa."

"Pole sana. Ilimwanza lini?"

Mnacheka. Sawa. Lakini yule mzee hakuizima, kwa sababu alimtaka mtoto wake nyumbani. Kila siku akiwa kazini aliicheza toka mwanzo hadi mwisho. Wiki ya kwanza kichwa kilimuuma. Wiki ya tatu akagundua kwamba ile fujo ina mpangilio, kwamba kinachokatika kinakatika mahali pake. Wengi wenu hapa mngeshaacha siku ya pili, na msinitazame hivyo, nawajua.

Uliomshika zaidi ni wimbo wa nne. Dakika kumi na moja, gitaa peke yake. Linavuta, linakwaruza, linanyamaza. Linavuta tena. Hakuna ngoma, hakuna neno. Kufikia mwezi wa pili mzee alikuwa anainua kidole na kuwazuia wateja wasiongee. "Subiri. Sikia hapo anavyochelewesha. Kila akinyamaza, ananyamaza zaidi ya mwanzo." Aliupenda. Simtanii, aliupenda kwelikweli.

Basi akamwita kijana. Kijana akaja na begi lake la nguo, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Umesikiliza yote?"

"Zaidi ya mara hamsini! Mwanangu, nisamehe, nilikuwa mjinga. Ni kazi nzuri. Na ule wa nne, ule ukimya unavyorefuka! Mji mzima huu hakuna wa kukufikia."

Kijana akamtazama. "Baba, ule wa nne ni mama."

Mzee akageukia spika.

"Ni mama anavyopumua, siku yake ya mwisho wodini. Nilikuwa nahesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Siku kumi na tisa nilikaa pale, wewe hukuja hata moja. Sikuutengeneza uwe mzuri. Nyimbo zote saba nakuuliza kitu kimoja tu: ulikuwa wapi?"

Alikuwa wapi? Alikuwa kibandani, anatengeneza redio za watu. Aliogopa. Mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini na mbili anahangaika na pumzi, yeye anapuliza vumbi kwenye spika ya jirani. Neno moja lingetosha: niliogopa. Kijana alikuwa amekuja na begi, jamani! Alikuwa tayari kulipokea. Mnajua mzee alisema nini?

Alisema, "Ile sauti uliitoaje? Ulilegeza nyuzi?"

Kijana hakumtukana. Alisimama, akabeba begi lake, akatoka. Na yule fundi anaendelea kuusikiliza ule wimbo mpaka leo, na anausikiliza vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa sisi. Tusimcheke, kwa sababu kazi hiyo tunaijua kuliko yeye. Mjane anasimama hapa mbele analia kwamba shemeji zake wamemnyang'anya shamba, na hao shemeji wamekaa humu humu, sisi tunasema mama huyu anajua kutoa ushuhuda. Mkeo anakwambia kwa machozi unavyomfanyia, unamjibu kwamba siku hizi anajieleza vizuri. Manabii walipiga kelele mpaka wakauawa, sisi tumetengeneza pambio, tumeligawa sauti nne. Tumejifunza kusikiliza. Masikio tunayo, tena yaliyofundishwa. Lakini ni lini mara ya mwisho uliulizwa swali ukalijibu? Wewe. Siongei na jirani yako.

Nami nasema wazi, kwa sababu kusema kwa kupendeza sijui na sikufundishwa na mtu: leo mkitoka, asije mtu pale mlangoni kunishika mkono na kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Yupo mtu aliyekuuliza ulikuwa wapi. Unamjua. Nenda kwake mchana huu huu, na ukifika usimsifu. Mjibu.