Mwisho Mmoja Uliobaki

Haya, sogeeni. Leo siwaulizi kama mko tayari, maana na mimi sikuulizwa.

Watu hawa watatu mnawajua, ila hamjawahi kuwaona pamoja, kwa sababu kila mmoja anaishi katika hadithi yake. Kidawa husikia kilio cha mtu aliye vijiji saba mbele. Shebwana mhunzi hufua ufunguo wa mlango wowote. Dadi mwongo huigiza sauti yoyote, hata ya umati mzima. Na mwisho wao wote ni mbaya, kama nilivyorithi kwa marehemu bibi yangu: Kidawa huzibwa masikio kwa nta ya moto, Shebwana hufungiwa maisha katika gereza alilolijenga mwenyewe, Dadi hukatwa ulimi na sultani.

Yupo pia Mashavu, wa hadithi ile mnayoipenda. Zimwi humkamata, likaimba, "Nimle, nisimle?" Nanyi, bila haya, huitikia, "Mle!" Lisipoitikiwa haliwezi kupanua kinywa. Mnajua hilo, na bado mnaitikia.

Juzi asubuhi nilikuwa naisimulia hiyo hiyo. Kidawa, huko kisimani katika hadithi yake, akamsikia Mashavu akilia, "Kila siku mimi tu!" Akatupa ndoo. "Mimi siwezi kuchota maji huku mwenzangu anamezwa," akasema, akaenda kuugonga ukuta unaotenga hadithi na hadithi mpaka mikono ikamchubuka.

Upande wa pili alikuwa Shebwana. Ukutani mna mlango ambao haujawahi kufunguliwa tangu enzi za bibi yangu. Wenzake wa karakana wakamwonya asiuguse. "Kama aliyeujenga hakutaka ufunguliwe, mbona aliuwekea kitasa?" akajibu, akapuliza moto, akafua ufunguo. Mlango ukalia, ukafunguka.

Njiani wakamkuta Dadi.

"Mimi mwongo, jamani, si shujaa," alisema.

"Hatuhitaji shujaa," Kidawa akamwambia. "Tunahitaji mdomo."

Wakafika zimwi limeshaimba, nanyi mmeshavuta pumzi. Dadi akawawahi. Kwa sauti zenu, kubwa na ndogo, na kile kikohozi cha Bi Rukia humo humo, akaitikia, "Usimle!" Zimwi limezoea kutii. Likafumba kinywa, likaenda zake na njaa, likiwatukana nyinyi.

Wakaja kwangu wote wanne. Nilikuwa napeta mchele. Hawakupiga hodi wala hawakunipa shikamoo.

"Bibi, hatutaki tena," alisema Kidawa.

"Hamtaki nini?"

"Miisho yako."

Nilikasirika, siwafichi. Hawa nimewalea kwa mdomo wangu huu! Lakini nilipomtazama Mashavu, mzima, nguo kavu bila mate ya zimwi, nikaona haya. Nikawaeleza sharti nililopewa na bibi: mrithi wa hadithi anaruhusiwa kubadili miisho miwili tu maishani mwake. Akizidisha, hadithi zote zinamtoka kichwani, na waliomo wanapotea nazo. Mwisho wa kwanza umekwenda kwa Mashavu. Umebaki mmoja.

Hapo ikawa vurugu.

"Bila masikio yangu nani angejua kama analia?" alisema Kidawa.

"Ungejua, ukabaki nyuma ya mlango na kujua kwako," alisema Shebwana.

"Na mngeufungua," alisema Dadi, "mkafika kumtazama akimezwa. Nyinyi wawili mlinileta. Aliyelizuia zimwi ni mimi."

Kila mmoja alisema kweli, hata mwongo. Nikamgeukia Mashavu. "Aliyeokolewa ni wewe, mwanangu. Chagua wewe."

Akanikazia macho. "Sichagui. Nikimtaja mmoja, nimewala wawili. Mimi si zimwi, bibi."

Akatoka akaketi barazani, nao wakamfuata. Wapo hapo tangu juzi, wamenigeuzia mgongo, chakula changu hawagusi. Nami siwezi kukaa kimya milele, kwa kuwa hadithi isiyosimuliwa mwaka mzima nayo hufa.

Basi mwisho mwema ni mmoja, na watu ni watatu. Ungekuwa wewe ndiye msimulizi, ungempa nani? Na wale wawili, ukishawafuata barazani, ungewaambia nini?