Bi Korongo na Nyumba ya Joto

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, majiko na kamati kama sisi, palikuwa na bwawa lililozungukwa na matete. Ndege wa bwawa hilo walitaga wakati wa kipupwe, na kipupwe cha huko, watoto wangu, kilikuwa kikali: asubuhi umande uliganda juu ya majani.

Fisi akaunda Kamati ya Kuhifadhi Ndege Wakati wa Kipupwe. Yeye akawa mwenyekiti, Ngiri akawa katibu. Kila Jumamosi waliwakusanya wanakijiji kwa ajili ya darasa, na utaratibu ulikuwa huu: kwanza hotuba, pili, mayai yote ya viotani yanakabidhiwa kamati ili yatunzwe katika Nyumba ya Joto, tatu, watu wote wanafumba macho na kuwaimbia ndege, huku viongozi wakiyaingiza mayai ndani. Aliyekataa kutoa alitangazwa kuwa adui wa ndege.

Jumamosi sita zikapita. Kindi, mdogo kuliko wote kijijini, alikuwa na tabia ya kuhesabu. Alihesabu mayai arobaini na moja yaliyoingia. Kifaranga hakutoka hata mmoja.

Siku ya Ijumaa alimkuta jirani yake, Bi Korongo, akilia kiotani.

"Shoga, kulikoni?"

"Kesho ni zamu yangu," Bi Korongo akasema. "Mawili ya kwanza niliyatoa, nikaambiwa baridi imeyaua. Hata maganda sikuoneshwa! Sasa ninayo haya matatu tu, na mwaka huu sitagi tena."

"Baridi!" Kindi akafoka, mkia umemsimama kwa hasira. "Baridi gani inayoingia Nyumba ya Joto? Arobaini na moja kwa sifuri! Kalia mayai yako, usinyanyuke. Kesho naenda mimi."

Kulipokucha, Kindi aliokota mtoni mawe matatu laini yenye umbo la yai. Akayafukia kwenye majivu ya moto jikoni kwake mpaka yakawa meupe na vuguvugu. Akayapanga kikapuni juu ya manyoya, akaenda darasani.

"Ndugu wananchi!" Fisi alikuwa akihutubia. "Ndege ni urithi wetu! Ndege ni roho yetu!"

"Rohooo!" Ngiri akaitikia, akilamba midomo.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Kindi akasema.

"Marahaba, binti. Na yule mama miguu mirefu mbona hakuja mwenyewe?"

"Miguu yenyewe inamuuma, Mwenyekiti. Ameleta haya matatu. Yametoka chini ya mama yao sasa hivi."

Fisi akayapapasa. Mate yakamdondoka, to, to, to, juu ya kikapu.

"Aaah! Ya moto! Lakini mbona mazito?"

"Vifaranga wamenona, Mwenyekiti."

"Wamenona!" Fisi akamkonyeza Ngiri. "Wananchi, fumbeni macho! Imbeni kwa nguvu!"

Wanyama wakafumba, wakaimba. Viongozi wakajifungia ndani. Kindi akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne...

KWACHA!

"Uwiii! Jino langu!"

KWACHA!

"Na langu, Mwenyekiti! La mbele!"

Wimbo ukakatika.

"Fumbueni macho!" Kindi akapaza sauti. "Jumamosi sita mmefumba, yatosha! Bwana Nyati, mlango huo!"

Nyati akaupiga pembe: puu! Ukaanguka. Ndani hapakuwa na moto wala nyasi za kulalia mayai. Palikuwa na lundo la maganda lililofika magotini mwa Ngiri, na Fisi ameketi katikati, jiwe kinywani, damu kidevuni.

"Tulikuwa... tulikuwa tukiyapulizia joto," Fisi akasema.

"Kwa meno?" Kindi akauliza.

Hakuna aliyecheka. Bi Bata alijipenyeza mbele, akaokota ganda lenye madoa.

"Haya yangu," akasema. "Manne. Niliyaleta mwenyewe. Kisha nikasimama pale nje, nikawaimbia nyie mkitafuna wanangu!"

Hapo hasira ikalipuka. Kwato, pembe, midomo: pu! pa! chwa! Walifukuzwa bwawani, wakafukuzwa bondeni, wakavushwa kilima cha tatu.

"Mtajuta!" Fisi akapiga kelele akikimbia. "Nani atawalindia ndege wenu?"

"Mama zao!" Kindi akamjibu. "Nasi tutakaa macho!"

Wale arobaini na moja hawakurudi, watoto wangu. Hakuna hesabu inayoweza kuwarudisha. Lakini siku ya kumi na mbili baada ya hapo, chini ya Bi Korongo kulisikika pi, pi, pi. Walikuwa watatu, na Kindi aliwahesabu mara mbili.

Basi mtu akijiita mlinzi wa ndege, mwambieni awaoneshe ndege.