Kibao cha Bwana Mshangama

Bwana Mshangama, mwenye hoteli, alitaka wapishi wake wazoee Kiingereza. Akachongesha kibao: atakayeteleza akasema Kiswahili avishwe shingoni, na asikivue mpaka amnase mwingine. Atakayekuwa nacho wakati wa kufunga ataosha masufuria yote.

"Sheria hii haina mkubwa," alisema.

Jioni moja kibao kilikuwa kwa Sikudhani, mpishi wa pilau. Wenzake walikuwa wamefumba midomo kama chaza. Bwana Mshangama akaingia jikoni kukagua, kofia kichwani.

Sikudhani akapiga goti mbele ya watu wote.

"Shikamoo, baba."

Mzee akatabasamu. "Marahaba, mwanangu."

Sikudhani akavua kibao, akamvisha taratibu, kisha akamwelekeza kwa Kiingereza safi sabuni ilipo.